Kwa wanangu mnaorudi Uchagani Krismasi hii: msiyaruke Majilio

Tumsifu Yesu Kristo.

Wanangu mlioko Dar es Salaam, Arusha, Mwanza, Nairobi na kwingineko, nawaandikia mapema, kabla tiketi za mabasi ya Moshi na Rombo hazijaisha na kabla makundi ya ukoo ya WhatsApp hayajajaa hesabu za michango ya ng'ombe. Najua mmeanza kujiandaa. Desturi ya kurudi nyumbani mwisho wa mwaka naipenda sana, na sisi wazee huku mgombani tunaishi kwa kuingoja. Ombi langu ni kwamba Bwana mwenyewe naye aandaliwe.

Tangu nilipokuwa katekista nimeona Majilio, majuma yale ya kumngoja Bwana kabla ya Noeli, yakififia mwaka hadi mwaka. Novemba haijaisha, madukani Kariakoo na Moshi mjini zinapigwa nyimbo za Krismasi, maofisini watu wanakata keki, na ikifika tarehe 24 mtu ameshachoka kushangilia jambo ambalo bado halijatokea. Kanisa lina utaratibu mwingine. Linatupa Dominika nne, kuanzia ile iliyo karibu zaidi na sikukuu ya Mtakatifu Andrea, tarehe 30 Novemba. Padre anavaa zambarau. Dominika hizo wimbo wa Utukufu hauimbwi, ili usiku wa Noeli tuuimbe kama watu tulioukosa. Lakini Aleluya inabaki, kwa maana hii si Kwaresima. Toba yake ina furaha ndani, na ndiyo sababu Dominika ya tatu padre anaweza kuvaa rangi ya waridi.

Angalieni na Injili zinavyofuatana. Dominika ya kwanza haimtaji mtoto wala hori: inatuambia tukeshe, Bwana atarudi. Ya pili na ya tatu ni za Yohane Mbatizaji. Ya nne ndipo tunafika kwa Maria na Yosefu. Kwa hiyo kila mwaka, kabla ya Bethlehemu, tunapitishwa Yordani kwa yule mtu mkali. Wengi wetu tunataka kuparuka hapo. Mimi nataka mkae hapo kidogo.

Katika Luka sura ya 3 watu wanamwendea Yohane na kumwuliza, tufanye nini basi? Hakuwaambia wahamie jangwani kula nzige pamoja naye. Mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo, na mwenye chakula afanye vivyo hivyo. Watoza ushuru wasitoze kupita walivyoamriwa. Askari wasimdhulumu mtu, watosheke na mshahara wao. Kila mmoja aliambiwa jambo la palepale alipo, la kazi yake na mfuko wake.

Angefika hapa kwetu, nadhani angeanza na kihamba, shamba la ukoo tunalorithishana. Mnajua ninayoyasema. Ndugu wawili wa tumbo moja wanafika na magari mazuri, lakini hawasalimiani kwa sababu ya mpaka alioacha baba. Mama anapika kwa sufuria mbili, azunguke na sahani kama mgeni katika nyumba yake. Dada ambaye ndoa yake ilivunjika amerudi, anaambiwa hana chake hapa. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zimempa mwanamke haki sawa ya kumiliki ardhi. Hata zisingekuwapo, anayekwenda kupokea Mwili wa Kristo huku amemfungia dada yake geti ana neno la kujibu. Halafu kuna binti wa kazi za ndani ambaye hajalipwa tangu Oktoba, na familia nzima imeshashonesha sare za vitenge. Mlipeni kwanza. Sare zitangoja.

Msiyaache hayo mpaka kikao cha ukoo baada ya sikukuu, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikiwa imeshapita mara tatu. Pigeni simu wiki ya kwanza ya Majilio. Wazee wetu, hata kabla mapadre hawajafika kwenye mlima huu, walimpelekea jani la sale yule waliyemkosea, na aliyeletewa sale hakuthubutu kukataa kusamehe. Sisi tuliobatizwa tusipungukiwe na walichokuwa nacho wao.

Kuna kundi moja ninalolihurumia zaidi, nalo halisemi. Ni ninyi msiokuja kwa sababu hamna cha kuja nacho. Kazi imeisha, biashara imeanguka, nauli imepanda, na mnaogopa kuulizwa umetuletea nini. Mwanangu, soma Luka 2:24. Maria na Yosefu walipompeleka Yesu hekaluni walitoa sadaka ya ndege wawili, ambayo Torati iliiruhusu kwa asiyeweza kununua mwanakondoo. Familia Takatifu ilifika mbele ya Mungu na sadaka ya maskini, na Simeoni alimpakata mtoto yule kwa furaha. Njoo mikono mitupu. Nanyi wenye uwezo, mmoja wenu amtumie nauli kimyakimya, asimtangaze kwenye kundi.

Kwa watoto, tengenezeni taji la Majilio: duara la majani mabichi na mishumaa minne, unawashwa mmoja kila Dominika. Tumelipata kwa Walutheri. Mchungaji Johann Wichern alianza kuwashia mishumaa watoto maskini aliowalea Hamburg mwaka 1839, ili wahesabu siku za kungoja. Huku mnaweza kulisuka kwa masale. Mtoto aliyeona mishumaa ikiongezeka kwa wiki nne anaelewa kungoja kuliko aliyehubiriwa.

La mwisho ni Kitubio. Msije wote tarehe 24 jioni. Mapadre ni wachache na foleni inafika barabarani, mnaungama kwa haraka huku mawazo yakiwa kwenye mbuzi. Ungameni huko mliko, mapema. Na atakayekuwa amefika tarehe 16 Desemba, jioni hiyo tunaanza novena ya Noeli kwenye jumuiya yetu, saa kumi na mbili. Tunasali nyumba kwa nyumba kwa siku tisa. Njooni na watoto, na kama mmoja wenu bado anajua zaburi za zamani kwa Kichagga, tunamhitaji aongoze.

Mzee wenu,
katekista mstaafu, Rombo