Maji ya jikoni na mashimo ya maweni

Mhariri,

Upande wa mashariki wa Unguja, Makunduchi na Jambiani, na kule Micheweni, Pemba, nyumba nyingi zimekaa juu ya mawe ya matumbawe. Mawe hayo yana matundu na mipasuko. Maji ya vyombo na ya kufulia yakipelekwa shimoni hayakutani na udongo wa kuyachuja. Yanateremka hadi kwenye maji ya visima. Anayetaka kuyatumia tena shambani ajenge kitanda cha kokoto, yaani birika lenye sakafu isiyovuja, lililojazwa kokoto na kupandwa mimea ya kuyachuja.

Nyumba inayotoa lita 300 kwa siku, bila maji ya choo (hayo yabaki kwenye karo), inatoshwa na kitanda cha urefu wa mita 4, upana mita 1 na kina sentimita 60, kilichopigwa plasta ya saruji. Maji yakisimama sentimita 50, nafasi baina ya kokoto huchukua kama lita 800, hivyo yanakaa humo zaidi ya siku mbili. Pale yanapoingilia na yanapotokea weka mawe ya ukubwa wa ngumi. Katikati kokoto za sentimita 1 hadi 2. Panda matete au magimbi, ila magimbi ya humo yasiliwe.

Kinachoviua vitanda hivi ni mafuta na vumbi. Mafuta ya tui yanayobaki kwenye masufuria hushika kokoto na kuziba njia, basi tangulizeni tangi dogo la lita 200. Bomba lake la kutolea liwe na tii (kiungio cha umbo la T), mguu wa chini uzame hadi nusu ya maji, ili mafuta yabaki yakielea. Yachotwe kila wiki. Machicha na magamba ya samaki yaishie kwenye chujio la sinki. Kokoto za matumbawe zioshwe mpaka maji yaache kutoka kama maziwa. Hapa ndipo mafundi wengi wanapofanya uvivu. Mchanga wa pwani hapana: una chumvi na huziba.

Bomba la mwisho liwe na kona ya kuzungusha ili kupanga kimo, maji yakae sentimita 10 chini ya uso wa kokoto. Yakipanda juu, mmefuga mbu. Dimbwi likitokea mwanzoni mwa kitanda, toeni kokoto za mita ya kwanza, zioshwe, zirudishwe.

Maji yanayotoka ni ya migomba na mipapai, yamwagwe shinani siku hiyohiyo, kwani yakilala pipani hunuka. Mboga za kachumbari zisiguswe nayo.

Mafundi wa maji,
Kusini Unguja