Bomba la maji lisitumike kujenga kizimba cha gari la mashindano

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na vijana wanaonunua Peugeot 404, Peugeot 504 na Datsun chakavu, wakaziingiza kwenye gereji za nyumbani huku Dar es Salaam ili wazigeuze kuwa magari ya mashindano. Kazi hiyo ni nzuri na inawezekana kabisa. Kinachotia hofu ni jinsi fedha zinavyogawanywa: injini na kabureta hupewa fungu kubwa, halafu kizimba, yaani fremu ya mabomba ndani ya gari ya kumlinda dereva likipinduka, kinaungwaungwa kwa bomba la GI, lile la maji lililopakwa zinki, lililosalia kwenye ujenzi wa nyumba.

Mtindo huu wa kugeuza gari la kawaida kuwa la mashindano una asili yake. Kule Marekani, NASCAR, chama cha mbio za magari, ilianzishwa mwaka 1948, na shindano lake la kwanza la magari kama yalivyotoka kiwandani lilifanyika Charlotte tarehe 19 Juni 1949. Gari lililotangulia kufika lilinyang'anywa ushindi baada ya kukutwa springi zake za nyuma zimeongezwa ugumu. Kwetu Afrika Mashariki, mbio za magari za Safari zilianza mwaka 1953, na dereva wa Tanzania, Bert Shankland, alizishinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404 iliyofanana sana na ile iliyokuwa ikiuzwa dukani. Lakini 404 ya mwaka 1966 ilikuwa na bati jipya. Unayoinunua leo imekula chumvi ya bahari kwa miaka mingi.

Anza hapo, kwenye bati. 404 na 504 za saluni hazina chesisi ya peke yake. Bodi ndiyo chesisi. Kizingiti cha chini ya mlango kikioza, ni uti wa mgongo wa gari uliooza. Nenda kununua ukiwa na sumaku ndogo na bisibisi. Mahali ambapo sumaku haishiki, chini ya rangi kuna puti. Inua mazulia, chokonoa sakafu, chini ya betri, kwenye vizingiti na pale juu ambapo shokapu za mbele zinashikilia bodi. Tundu la sakafuni hutengenezeka kwa siku moja. Bodi iliyooza kwenye shokapu iache hapo hapo, hata kama injini yake inanguruma vizuri.

Kabla ya kukata kizingiti, chomelea vyuma vya muda kutoka nguzo moja ya mlango hadi nyingine, na kimoja kipite katikati ya gari kutoka ubavu hadi ubavu. Usipofanya hivyo, bodi itashuka katikati na milango haitafunga tena, na hakuna jeki itakayoirudisha ilipokuwa. Kwa sakafu, bati la geji 18 linatosha. Mafundi wengi wa mitaani huchomelea bati hilo kwa rodi ya milimita 3.2 na kulitoboa, kisha wanaziba matundu kwa puti. Tumia mashine ya waya na gesi, waya wa milimita 0.8, upige kidogo kidogo, sentimita mbili au tatu, uhamie upande wa pili, urudi. Ukivuta mstari mrefu kwa mkupuo mmoja, joto hulipinda bati. Kabla ya yote toa tangi la mafuta na uchomoe nyaya za betri.

Sasa kizimba. Hapa ndipo nataka watu wasimame.

Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, zinataka bomba la chuma cha kaboni lisilo na mshono, lililovutwa likiwa baridi, lenye uwezo wa kuhimili mvuto usiopungua megapaskali 350. Tao kuu, lile linalosimama nyuma ya kiti cha dereva, liwe na kipenyo cha milimita 45 na unene wa 2.5, au 50 kwa 2.0. Sehemu nyingine zinaweza kuwa 38 kwa 2.5 au 40 kwa 2.0. Kizimba cha miguu sita, pamoja na mabomba ya mlangoni na ya mshazari, hula mita 25 hadi 30. Ukipata bomba za mita 6, nunua tano.

Bomba la GI la inchi moja na nusu, kwa nje, lina milimita 48.3. Mtu huliona nene akadhani ndilo imara zaidi. Kwanza, limeungwa kwa mshono, na mshono huo huachia pale linapokunjwa au linapopigwa dharuba. Pili, zinki iliyolipaka huchafua mchomeleo na kuuachia vitundu vidogo ndani ambavyo huvioni kwa nje, na moshi wake humwachia fundi homa usiku huo. Tatu ni uzito. Lile lenye unene wa milimita 3.2 lina karibu kilo 3.6 kwa mita, wakati bomba sahihi la 40 kwa 2.0 lina chini ya kilo 1.9. Kwa mita 28, kizimba cha GI kitakaribia kilo 100. Kilichojengwa kwa bomba sahihi hakifiki 60. Uzito huo wa ziada, sehemu yake kubwa iko juu karibu na paa, na gari lenye uzito juu hupinduka mapema zaidi. Yaani chuma kilichowekwa kuzuia madhara ya kupinduka ndicho kinacholivuta gari lipinduke.

Kukunja nako kuna makosa yake. Kujaza mchanga na kupasha bomba kwa gesi hadi liwe jekundu ni njia ya mageti na vitanda. Kizimba hukunjwa baridi, kwa mashine ambayo kalibu yake inalingana na kipenyo cha bomba, na mzingo wake, ukipimwa katikati ya bomba, usipungue mara tatu ya kipenyo hicho. Kwa bomba la 45, hiyo ni milimita 135. Kona ikibonyea au ikifanya makunyanzi upande wa ndani, kipande hicho kitupe. Tao kuu liwe bomba moja zima, lisiungwe.

Miguu nayo isichomelewe moja kwa moja kwenye bati la sakafu, kwa sababu gari likipinduka bomba hutoboa bati kama mkuki. Chini ya kila mguu weka bamba la unene wa milimita 3 lenye eneo lisilopungua sentimita za mraba 120, kwa mfano 10 kwa 12, lichomelewe kwenye bodi pande zote. Kama miguu ni ya kufunga kwa bolti, kila mguu uwe na bolti zisizopungua tatu, M8 za daraja 8.8. Daraja hilo huandikwa kichwani mwa bolti. Isiyo na maandishi usiitumie.

Tatizo linalowashinda wengi ni maungio ya juu. Kizimba kikikaa karibu na paa, kama inavyotakiwa, mkono haupiti kuchomelea upande wa juu wa bomba, na fundi huacha robo ya mzunguko bila kuchomelea. Dawa yake ni kutoboa sakafu pale miguu inapokaa, ukakishusha kizimba chote chini kiasi cha kupata nafasi ya kuchomelea maungio ya juu mzunguko mzima, kisha ukakiinua na kuweka mabamba chini ya miguu. Kazi hiyo huongeza siku moja tu. Kwa hiyo mabamba usiyachomelee mapema.

Mikanda ya mabega ishuke kidogo kuelekea nyuma ya kiti, isizidi nyuzi 45 kutoka usawa. Ikifungwa sakafuni kwa mteremko mkali, gari likigonga huukandamiza uti wa mgongo wa dereva. Mikanda yenye lebo ya FIA hutumika miaka mitano tu. Angalia tarehe unaponunua iliyotumika. Mabomba yote yaliyo karibu na kichwa yavikwe sponji ngumu ya mashindano, maana ile ya godoro hubonyea yote mara moja. Na gari lenye kizimba lisifanywe la kwendea sokoni. Kichwa kisicho na helmeti kikigonga bomba kwenye ajali ndogo tu ya mjini, madhara yake ni makubwa kuliko kama bomba lisingekuwapo.

Kuhusu injini nitasema machache. Ile ya 404 ya sentimita za ujazo 1618 ina slivu, yaani mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka, zinazozungukwa na maji na kukaa juu ya sili za chini. Ukishatoa silinda hedi, usizungushe krenki kabla hujazibana slivu kwa vyuma na bolti. Zikinyanyuka kidogo tu, sili huachia, na maji yatashuka kwenye oili baada ya wewe kufunga kila kitu. Rejeta isijazwe maji ya kisima. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na hedi ya aluminiamu huliwa nayo. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na hewa yetu ina unyevu mwingi, kwa hiyo kopo lililokaa wazi mwezi mzima limwage. Mafuta yaliyonyonya maji huchemka breki zikipata moto, na pedali huzama hadi sakafuni. Swichi kuu ya umeme ifikike kwa dereva aliyefunga mkanda na kwa mtu aliye nje. Mtungi wa kuzimia moto wa kilo 2 uwe karibu na mkono.

Ombi langu ni kwa wauza vyuma wa Gerezani na Barabara ya Nyerere: mkipokea bomba lisilo na mshono, tunzeni cheti cha kiwanda na mwandike kipimo na daraja kwenye bomba lenyewe, ili mnunuzi asiuziwe kwa kukadiria kwa macho. VETA Chang'ombe nao wakifungua mafunzo mafupi ya kukunja na kuchomelea bomba jembamba, wanafunzi watapatikana. Kwa sasa, mnunuzi aombe kipande cha sentimita 10, akipasue kwa urefu kwa msumeno na kupitisha kidole ndani. Akikuta mstari uliovimba, huo ni mshono, na bomba hilo alirudishe dukani.

Fundi bodi,
Tabata, Dar es Salaam