Pita nyuma, mwalimu

Majengo,
Moshi

Mpendwa Mama Baraka,

Habari za siku nyingi? Baba Baraka hajambo? Na Baraka mwenyewe, ile homa ilishamwacha? Sisi huku ni wazima kabisa, mvua zimeanza vizuri na migomba imesimama. Mama yangu wa Marangu anakusalimu sana. Anasema ulimwahidi dagaa, na hajasahau.

Nimeona nikuandikie barua badala ya ujumbe wa simu, maana haya niliyo nayo ni marefu. Ni habari ya vitabu, na sehemu kubwa inahusu huko kwenu Ukerewe, kwa hiyo kaa chini usome kwa nafasi.

Kuna duka la vitabu hapa mjini, si mbali na Soko la Kati. Mbele kumejaa daftari, rula, chaki, bahasha za kaki na mashine ya kutoa kopi. Ukiingia kidogo unakuta vitabu vya kiada vimepangwa darasa kwa darasa, kisha Biblia na vitabu vya nyimbo. Miaka yote mimi nilikuwa naishia hapo. Juzi nikaenda kutafuta kamusi kwa ajili ya wanafunzi wangu, mzee mwenye duka akaniambia, "Pita nyuma, mwalimu, uchague mwenyewe." Nikapita. Huko nyuma kuna rafu ya mbao iliyofika darini, na kabla sijagusa kitu mzee akanifuata akaniuliza, "Wewe ni wa wapi?"

Nikamwambia Marangu. Hakuniuliza nataka nini. Akanyoosha mkono akashusha kitabu cha Petro Itosi Marealle, *Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera*.

Mama Baraka, hebu fikiria. Kitabu hicho kilitoka mara ya kwanza mwaka 1947. Hii nakala niliyonunua ni toleo la Mkuki na Nyota la mwaka 2002. Mwandishi ni mangi, yaani chifu, wa huko huko kwetu, ukoo ambao kila mtoto wa Marangu anaujua. Nimesoma msingi, nimesoma sekondari, tumesoma chuo mimi na wewe, nafundisha Kiswahili kila siku ya Mungu, na hakuna mwalimu hata mmoja aliyewahi kuniambia kwamba mtu wa kijijini kwetu aliandika mila za watu wa mlimani, kwa Kiswahili, miaka 14 kabla ya uhuru. Tulisomeshwa kana kwamba vitabu vinatoka mahali pengine na sisi kazi yetu ni kuvipokea.

Mwisho wa wiki nikampelekea mama. Macho yake sasa hayaoni maandishi madogo, nikawa namsomea jikoni huku anamenya ndizi. Hatukufika mbali. Kila nikigusa desturi anayoijua ananikatiza: "Ngoja, sisi kwetu haikuwa hivyo." Halafu anaeleza wao walifanyaje, na bibi yake alisema nini, na nani alikataa. Tukaingia kwenye hadithi ambayo sikuwahi kuisikia, jinsi baba yake alivyogombana na jirani kwa ajili ya zamu ya maji ya mfongo, ule mfereji wa kumwagilia mashamba, wakakaa msimu mzima hawasalimiani, mpaka siku jirani alipokuja alfajiri ameshika jani la isale mkononi. Ukipelekewa isale huwezi kukataa kusamehe, hilo nalijua tangu utoto. Lakini kwamba babu yangu mwenyewe alipelekewa, na ni kwa sababu ya maji, nimelijua juzi, kwa sababu kitabu kilikuwa wazi mapajani mwangu na mama alitaka kubishana nacho.

Basi Jumamosi nikarudi dukani. Nikakaa pembeni nikamwangalia mzee anavyofanya kazi. Wateja wa daftari anawahudumia kijana wake. Yeye akiona mtu anachungulia nyuma, anainuka, na swali ni lile lile: wewe ni wa wapi? Alikuja kijana mmoja wa Meru, amevaa ovaroli la gereji, alitaka kitabu cha kujifunza Kiingereza. Mzee akampa cha Kiingereza, kisha akamwekea na kingine juu yake, riwaya ya Ismael Mbise, *Blood on Our Land*, ya mwaka 1974. Akamwambia, "Kiingereza chenyewe ukijifunzie kwenye habari za babu zako."

Hiyo wewe wa Historia lazima uisome. Inatokana na mambo ya Ngarenanyuki, pale Novemba 1951 serikali ya kikoloni ilipowaondoa Wameru kwenye ardhi yao, nyumba zikachomwa, ili ardhi hiyo wapewe walowezi. Kirilo Japhet akatumwa na watu wake mpaka New York, akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1952. Najua unalifundisha hilo, liko kwenye harakati za kudai uhuru, sentensi mbili na mwaka. Lakini je, ulijua kwamba wakili aliyewasaidia, Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda, alikuwa na ofisi ya uwakili hapa hapa Moshi? Yeye na Kirilo waliandika pamoja kitabu cha kesi hiyo, kikachapishwa Nairobi mwaka 1967. Mzee anacho. Hakiuzi. Amekifunga kwa karatasi ya kaki kama daftari la mtoto wa darasa la kwanza, kakiweka kwenye droo ya pesa, na ukitaka kukisoma anakupa kigoda unasoma hapo hapo kaunta. Nilisoma mpaka kijana akaanza kuingiza ndani mabango ya nje. Nilitamani wanafunzi wako wangekuwepo, wajue kwamba Umoja wa Mataifa ulifikiwa na watu waliopanda basi kutoka barabara hizi hizi tunazopita.

Sasa ya kwenu. Nilipomwambia nina rafiki Nansio, huko Ukerewe, mzee alisimama kimya kidogo, halafu akapanda ngazi mpaka rafu ya juu kabisa. Akashuka na *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka* cha Aniceti Kitereza, nakala ya zamani ya Tanzania Publishing House. Pembe moja imeliwa na mchwa, mgongo umebandikwa selotepu iliyogeuka rangi ya chai, ukurasa wa kwanza una muhuri wa shule uliofifia hausomeki. Ndani maandishi ni safi kabisa. Kitereza alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, kikaja kutoka mwaka 1980. Miaka 35! Na mwaka uliofuata akafariki. Siwezi kulisema hili bila kuumia. Mtu ameandika maisha ya watu wake, kitabu kikubwa kiasi kile, kuanzia kulima na kuvua mpaka kuugua na kuposa, na dunia ikamweka foleni mpaka uzeeni.

Nimeanza kukisoma. Mke na mume hawana mtoto, wazazi wa mke wamemchukua binti yao, na mume ili arudishiwe mkewe anadaiwa pombe ya ndizi. Nilipofika hapo nilipiga kelele peke yangu. Pombe ya ndizi, Mama Baraka! Sisi hapa bila mbege mshenga hafungui mdomo. Ziwa na mlima, watu hawajuani, na wote wanajua kwamba ukwe ni jambo la kunywea pamoja. Kisiwa hicho hicho ndicho kilichomzaa na mwandishi Kezilahabi. Una bahati kufundisha hapo, na natumaini wanafunzi wako wanaambiwa.

Nikamuuliza mzee anapataje faida na rafu ile. Akasema hapati. Wachapishaji wengi wako Dar, vitabu vinakuja kwa basi, nakala chache chache, na analipa kabla hajauza. Kitabu kisicho kwenye mtaala kinaweza kukaa miaka. Januari na Julai, wazazi wanapojaa kununua daftari, ndipo anapata pesa ya kuagiza vingine. Yaani daftari ndizo zinazoilisha ile rafu. Tangu siku hiyo vifaa vyote vya watoto wangu nanunua kwake, hata kama supamaketi wana punguzo, na nimemwomba mkuu wetu wa shule naye afanye hivyo kwa chaki na karatasi za mitihani. Amekubali chaki. Karatasi anafikiria.

Usinielewe vibaya, Maktaba ya Mkoa naipenda na kadi yangu iko hai. Simu pia inasaidia, lakini simu inataka ujue jina la kitabu kwanza. Mimi nisingeandika jina la Marealle kwenye simu hata siku moja, kwa sababu sikujua kama kuna cha kutafuta. Ilibidi mtu aniulize kwetu ni wapi.

Sasa sikiliza, nina kazi ya kukupa. Ukivuka kwenda Mwanza, ingia maduka ya vitabu, yale madogo hasa, upite mpaka nyuma. Mzee anatafuta chochote kilichoandikwa na watu wa ziwani, cha Kikerewe, Kijita, Kisukuma, hata vijitabu vya parokia vya zamani. Niambie bei kabla hujalipa, nitakutumia kwa simu. Kitereza nitakutumia kwa basi la Mwanza nikimaliza, ila ni cha kurudisha, nimekilipia na nimekipenda. Cha Mbise ni chako moja kwa moja, ukiandike jina. Na dagaa wa mama wafunge kwenye mfuko wa peke yao, wasisafiri na vitabu.

Msalimie Baba Baraka, na uniandikie umefundisha nini juu ya Ngarenanyuki muhula huu.

Ni mimi,
Mama Neema