Anza na Kitenzi, Mwalimu Mwenzangu

Rafiki yangu mpenzi,

Barua yako imenifikia juzi, nami nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliuona uchovu wako, mara ya pili nikaiona hofu. Unasema mmekabidhiwa viwango vipya vya kile mwanafunzi anachopaswa kukiweza, kitabu kizima, na majuma matatu tu ya kuandaa upya masomo ya muhula. Unasema pia kwamba umekesha ukinakili namba za viwango na kuzipachika juu ya maandalio yako ya zamani. Nakuomba uiache kazi hiyo leo hii.

Nakuomba hivyo kwa sababu mimi niliifanya mwaka mzima. Kila andalio langu lilikuwa na namba ya kiwango pale juu, limepigiwa mstari, na waliokuja kukagua walitia saini wakaenda zao wameridhika. Darasani hakuna kilichobadilika. Nilieleza, nikatoa mfano ubaoni, watoto wakanakili, nikasahihisha. Mwisho wa mwaka mtihani ukawataka waeleze kwa nini jibu lao ni sahihi. Nilikuwa nasimamia chumba kile mwenyewe. Nilipita kati ya madawati nikaona nafasi za maelezo ziko tupu, karatasi baada ya karatasi, hata kwa wale ambao hesabu yenyewe walikuwa wameipata. Picha ile haijanitoka.

Basi nikuambie ninavyofanya sasa. Nachukua kiwango kimoja, nakisoma polepole, natafuta kitenzi. Unaikumbuka ile ngazi ya Bloom tuliyokaririshwa chuoni, ya mwaka 1956, inayopanga malengo ya kujifunza kutoka mepesi hadi magumu? Ilipopitiwa upya mwaka 2001, ngazi zake ziligeuzwa kuwa vitenzi: kukumbuka, kuelewa, kutumia, kuchambua, kutathmini, kuunda. Tulijibia mtihani tukaisahau, lakini hapa ndipo inapofaa. Kiwango kikisema "ataje", mtoto atataja na kazi imeisha. Kikisema "atetee jibu lake", maswali ishirini ya kutaja hayatamfikisha huko, hata ukiyafundisha kwa ustadi wa namna gani.

Chukua mfano wa sehemu katika hisabati. Kiwango chetu cha zamani kilisema mwanafunzi aweze kulinganisha sehemu mbili zenye asili tofauti. Kipya kinataka azilinganishe na kutetea jibu lake kwa mchoro na kwa maneno. Ukisoma haraka utaona ni kile kile kimeongezwa mkia. Kazi yote imo kwenye ule mkia. Watoto wangu walikuwa hodari wa kutafuta asili ya pamoja, lakini nilipowauliza, bila kalamu, kati ya thumni na robo ipi kubwa, zaidi ya nusu walijibu thumni, kwa sababu 8 inaipita 4.

Nikaanza na mwisho. Kabla ya kuandika lolote kuhusu nitakachosema au watakachofanya, niliandika swali moja la kufungia mada: "Mwenzako anasema 5/8 ni kubwa kuliko 3/4 kwa sababu namba zake ni kubwa. Mwonyeshe kwa mstari wa namba kama amepata au amekosea, kisha umweleze." Halafu nikaandika jibu ambalo ningeliridhia, kwa maneno ya mtoto. Baada ya hapo ndipo nilipojiuliza masomo gani yatamfikisha pale. Wazo lenyewe ni la zamani. Mtaalamu wa mitaala Ralph Tyler alishataka mwaka 1949 kwamba mpango wa masomo uanze na malengo, na waandishi wa elimu Wiggins na McTighe mwaka 1998 wakaupanga utaratibu huu hatua kwa hatua: unachotaka, ushahidi wake, kisha ndipo ufundishaji. Sisi tumezoea kuanza na hatua ya tatu, tukitumaini mbili za kwanza zitajileta.

Swali lile la mwisho lilinipokonya kitu nilichokipenda. Nilikuwa na kipindi kirefu, viwili mfululizo, cha kuchora duara, kuligawa na kulipaka rangi, na kazi za watoto zilipamba ukuta mzima. Nilipokiweka mbele ya swali, niliona kwamba muda mwingi ulikwenda kwenye rangi. Nikakiondoa, nikabaki na kipande kirefu cha karatasi kwa kila mtoto. Wakunje mara moja, mara mbili, mara tatu, wakunjue, wahesabu vipande vinane. Thumni ikiwa mkononi, ndogo kuliko robo, ubishi unapungua wenyewe. Utaumia kukata vitu, lakini kata. Muda wa kipindi hauongezeki kwa kuwa viwango vimeongezeka.

Sasa nikusimulie la msichana mmoja wa darasa hilo. Alichora mstari kutoka 0 hadi 1, akatia vialama vinane, cha kwanza juu ya 0 na cha mwisho juu ya 1. Alikuwa amehesabu vialama badala ya nafasi zilizo kati yake, kwa hiyo alipata vipande saba. Zamani ningemfutia na kumchorea ulio sahihi. Safari hii nilimwambia anionyeshe thumni moja iko wapi. Akaweka kidole kwenye kialama cha kwanza. Nikamwuliza, "Kwa hiyo thumni moja na sifuri ni kitu kimoja?" Akanyamaza. Nami nikanyamaza, ingawa darasa zima lilikuwa likisubiri. Akachukua kile kipande chake cha karatasi, akakilaza kando ya mstari, akafuata mikunjo kwa kidole, kisha akasema taratibu, "Kumbe tunahesabu vyumba, si kuta." Kesho yake nusu ya darasa walikuwa wakilitumia neno lake.

Kimya kile ndicho badiliko kubwa kuliko yote niliyoyafanya, na hakimo kwenye fomu yoyote ya andalio la somo. Mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe alipochunguza madarasa, aligundua kwamba walimu kwa kawaida hungoja kama sekunde moja tu baada ya kuuliza swali, kisha hujibu wenyewe au humrukia mwanafunzi mwingine. Walipongoja sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, na watoto waliozoea kukaa kimya wakaanza kusema. Sekunde tatu unaziona chache hapo ulipo. Zihesabu mbele ya darasa uone zilivyo ndefu. Mimi nilianza kwa kuzihesabu kwa vidole mgongoni.

Umeniuliza kama viwango hivi vinakutaka uache kufundisha, uwaachie watoto wagundue kila kitu wenyewe. Najua wapo wanaovisoma hivyo, na nadhani wanakosea. Jambo likiwa geni kabisa, mtoto anahitaji kuona kazi iliyokamilika, hatua kwa hatua, kabla ya kutupwa peke yake. Watafiti Sweller na Cooper walilionyesha hilo kwenye aljebra mwaka 1985: waliosoma mifano iliyokwisha kukokotolewa walijifunza vizuri kuliko waliopewa maswali mengi ya kupambana nayo. Eleza, onyesha, kisha ujiondoe kidogo kidogo. Kutetea jibu nako kunafundishwa kwa mfano. Mimi huandika ubaoni utetezi mmoja dhaifu na mmoja imara, tukakaa tukivichambua.

Kuhusu walio nyuma, usirudi kufundisha mwaka mzima uliopita, hutamaliza. Tafuta kile kipande kimoja ambacho somo la kesho linakiegemea, ukipime kwa maswali mawili siku moja kabla, ukizibe hapo hapo. Kwa somo langu kilikuwa kimoja tu: kwamba vipande vya kizima lazima vilingane.

Na alama! Hili la alama linaniuma, kwa hiyo nivumilie. Mwaka 1988 mtafiti Ruth Butler aliwagawa wanafunzi makundi matatu: waliopewa alama tu, waliopewa maoni tu, na waliopewa vyote viwili. Waliosonga mbele ni wale wa maoni tu. Walioandikiwa maoni pamoja na alama hawakufaidika na maoni yale. Nilipolisoma hilo nilikumbuka madaftari yote niliyoyajaza wino mwekundu hadi usiku wa manane, nikayarudisha asubuhi, na kitu cha kwanza kilichosikika darasani kikawa "Umepata ngapi?" Siku hizi kazi ya katikati ya mada haipati alama kwangu. Inapata sentensi moja ya kumwambia arekebishe nini, na dakika kumi za kipindi za kurekebisha palepale. Wazazi wengine walilalamika. Niliwaonyesha kazi ya kwanza na ya pili za mtoto wao, zikiwa kando kwa kando.

Najua majuma matatu hayatoshi kwa muhula mzima. Kwa hiyo usiupange upya wote. Chagua mada moja, ile ambayo watoto wako hukwama kila mwaka, uisuke upya kutoka mwisho. Nyingine zipite zilivyo kwa sasa, na umwambie mkuu wako wa idara hivyo waziwazi, ukiwa na hiyo moja mkononi.

Niandikie kabla ya mwisho wa juma. Usinitumie andalio. Nitumie kiwango ulichokichagua, kitenzi chake ukipigie mstari, na swali lako la mwisho pamoja na jibu unalotamani mtoto alitoe. Nitalijibu swali hilo mwenyewe kama mwanafunzi, nikiyafanya makosa wanayoyafanya wao, kisha nikurudishie tuone mahali linapovuja.

Wako daima,
Mwalimu mwenzako