Kasoro, dosari, hitilafu: lipi liende wapi

Mpendwa Mwajuma,

Salamu nyingi zikufikie wewe na wote hapo nyumbani. Barua yako nimeipata, pamoja na kurasa nne za tafsiri ya ripoti ya ukaguzi wa chama chenu cha akiba na mikopo. Nakujibu lile uliloniuliza: neno la Kiingereza la wakaguzi, "irregularities", ambalo wewe umeliandika "mambo yasiyo ya kawaida" kila lilipotokea.

Liondoe kote. Mwanachama akisoma kwamba ofisini kumeonekana mambo yasiyo ya kawaida, atawaza miujiza au ushirikina. Mkaguzi alikuwa na neno kavu tu: utaratibu ulitaka hivi, na haukufuatwa.

La kushika kwanza ni kasoro. Tunalo kila siku midomoni tukitaja wakati: saa tatu kasorobo, saa nne kasoro dakika tano. Tunasema pia "wamefika wote kasoro Juma". Maana yake ya ndani ni kupungukiwa: kipimo kipo, kitu hakijakifikia. Basi litumie pale unapoweza kukitaja kipimo chenyewe. Kanuni inataka vocha ya malipo iwe na saini mbili, iliyopo ina moja: hiyo ni kasoro. Malipo yamefanyika bila stakabadhi kuambatishwa: kasoro pia. Usiandike "kulikuwa na kasoro katika malipo" ukaishia hapo; sema vocha ngapi, za mwezi gani, na kilichokosekana ni nini. Neno halibadiliki kwa wingi: kasoro hii, kasoro hizi. "Makasoro" likate. Na kasoro hujitokeza, hubainika, hurekebishwa.

Dosari ni doa. Kitu kimekamilika ila kimechafuka, ndiyo maana tunasema sifa imetiwa dosari, uchaguzi umeingia dosari. Lina hukumu ndani yake. Liweke kwa jambo zima, kwa mfano namna zabuni ilivyoendeshwa tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa vocha moja ni zito mno.

Hitilafu tumeitoa kwenye Kiarabu, na asili yake ni kutofautiana. Watu wasiopatana bado tunasema wamehitilafiana. Lakini sikio la leo linasikia mitambo: hitilafu ya umeme, ndege imepata hitilafu. Kwenye ukurasa wako wa 3, fedha za daftarini zinapishana na taarifa ya benki, nawe umeandika "hitilafu". Msomaji ataona kompyuta iliharibika. Sema kiasi cha daftarini hakilingani na cha benki, kisha utaje tofauti kwa shilingi.

Upungufu nao una mtego wake. "Upungufu wa fedha" maana yake fedha ni chache, basi. (Na wingi "mapungufu" wahariri wengi wanaukata, kwa hiyo uepuke.) Walakini ni neno zuri la mazungumzo, "mkataba huu una walakini", lakini linabeba shaka isiyo na ushahidi. Mkaguzi hana ruhusa ya kushuku bila kuonyesha.

Sasa ninaloliogopa zaidi. Mahali pawili umeandika "ubadhirifu". Ubadhirifu ni kufuja mali, na udanganyifu unadai nia. Mkaguzi aliyesema saini haipo hajasema mtu amekula fedha. Ukiliweka neno hilo, mweka hazina amekwisha kushtakiwa mbele ya wanachama kwa kalamu yako, na hakuna aliyemchunguza. Kinyume chake pia ni kosa: mkaguzi akitaja kifungu kilichovunjwa, "kasoro" linamlegezea. Hapo andika ukiukaji wa sheria, na kifungu ukitaje.

Tofauti hiyo ina uzito hata mahakamani. Mahakama ya Juu ya Kenya ilipofuta, tarehe 1 Septemba 2017, uchaguzi wa urais uliofanyika Agosti 8, majaji 4 dhidi ya 2, iliyataja mambo mawili sambamba: ukiukaji wa sheria, na kasoro. Hoja ilizunguka kifungu cha 83 cha Sheria ya Uchaguzi, kinachogusa kama misingi ya Katiba ilifuatwa na kama kutofuata sheria kuliathiri matokeo. Anayeyaita yote mawili "dosari" amemnyima msomaji nusu ya hukumu.

Dada yako wa zahanati naye atakutana na neno hilohilo la Kiingereza. Mwambie kwa mgonjwa ni hedhi isiyo na mpangilio, mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio. Asimwambie mtu ana kasoro.

Anza na ukurasa wa 3. Ile aya ya mikopo ya wajumbe wa bodi usiiguse kwanza. Nitumie Kiingereza chake, maana kwa tafsiri peke yake siwezi kujua kama mkaguzi alisema fomu hazikujazwa sawasawa au kwamba walikopa kupita kiwango kinachoruhusiwa.

Wako,
Rehema