Maghala ya korosho yahifadhi na makopa

Ndugu Mhariri,

Kilichotutesa wakati wa Kimbunga Hidaya, Mei 2024, si upepo tu, ni barabara. Maji yalikata njia ya Dar es Salaam pale Somanga, malori yakakwama, na sembe hapa Lindi ikapanda bei. Mimi ni mama lishe. Kilichoniokoa ni makopa (muhogo uliokaushwa) ya shangazi yangu: magumu kama mawe, yana vumbi, lakini ukiyatwanga na kuyachekecha unasonga bada safi, ugali wa muhogo. Wateja walinuna kwanza (vijana wa bodaboda hasa, wao bila sembe hawajala), kisha wakazoea.

Sasa naiuliza halmashauri. Maghala ya stakabadhi ghalani, ambako mkulima huweka mazao na kupewa risiti hadi yauzwe, yapo kwa ajili ya korosho na ufuta. Msimu ukiisha, kwa nini yasiwekwe makopa na mtama wa wakulima wetu, yauzwe njia ikikatika? Muhogo hukaa ardhini muda mrefu, sawa, ila shamba likituama maji unaoza. Adui wa makopa ni dumuzi, mdudu anayeyatoboa, kwa hiyo yakauke vizuri, yapangwe juu ya chaga, na ya zamani yauzwe kwanza.

Mama lishe,
Lindi Mjini