Kwa nini fomu ilibaki juu ya friji

Mama Zuhura, shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka London. Sisi wazima, isipokuwa baridi imeshaanza kututia adabu. Ujumbe wako wa sauti wa Ijumaa nimeusikiliza mara tatu. Umenigombeza hasa! "Unauziwa nyumba kwa bei ya bure, unaiacha?" Nimenyamaza wiki nzima kwa sababu sikutaka kukujibu kwa maneno mawili ya simu. Kaa nikueleze.

Haki yenyewe, ya mpangaji kuuziwa nyumba anayokaa, ipo, hukudanganywa. Ilianza na sheria ya nyumba ya mwaka 1980, wakati wa waziri mkuu Margaret Thatcher. Mpangaji wa nyumba ya kaunsili, yaani halmashauri ya hapa, akishakaa miaka inayotakiwa anaomba kuuziwa, na kaunsili haina ruhusa ya kukataa ila kwa sababu chache zilizotajwa kwenye sheria. Kadiri ulivyopanga muda mrefu ndivyo bei inavyopunguzwa. Sisi na miaka yetu 16 kwenye hii flati tulikuwa tumefikia asilimia 70, lakini kulikuwa na ukomo: kwa London hawakukupunguzia zaidi ya pauni 136,400. Flati yetu ikithaminiwa 340,000, tungelipa 203,600. Tarehe 30 Oktoba 2024 ikatangazwa kwamba kuanzia 21 Novemba ukomo unashuka, na kwa mtaa wetu unakuwa pauni 16,000 tu. Wiki tatu! Watu walikimbizana na fomu kama wanaowahi boti ya mwisho ya Unguja.

Fomu niliijaza, shoga. Baba Nassor akasaini, nami nikasaini, tukaitia kwenye bahasha, bahasha tukaiweka juu ya friji. Wasiwasi wa riba tulikuwa nao, lakini sheikh alituelekeza kwa wanaonunua nyumba na wewe kwa ubia, kwa hiyo usije ukadhani riba ndiyo iliyotuzuia.

Unakumbuka mwaka 2008 nilipokuwa nakupigia simu nikiwa nimejifungia chooni? Sikukwambia yote. Tulikuwa kwenye makazi ya muda, chumba kimoja sisi wanne, miezi 14. Jiko lilikuwa la familia sita, na sufuria ukiiacha dakika mbili huikuti. Nassor alikuwa anafanyia kazi za shule sakafuni, mlangoni, kwa sababu hapo ndipo taa ilipofika. Siku tuliyopewa funguo za hapa niliingia nikakuta flati tupu, inanuka dawa ya kusafishia, na kwenye kibaraza kuna kamba ya kuanikia nguo na vibanio vya mbao kumi na kitu. Vya bibi mmoja aliyekaa hapa miaka zaidi ya thelathini mpaka akafariki. Kamba ile mpaka leo ndiyo naanikia kanga zangu.

Bibi yule alikuwa na haki ya kununua kuliko mimi, maana angeuziwa kwa bei ya zamani. Hakununua. Angenunua, wanawe wangeiuza au wangeipangisha, na sisi tungebaki kule kule kwenye chumba. Niliitazama ile bahasha wiki tatu, na kila nikitaka kuipeleka posta namkumbuka huyo bibi ambaye hata sura yake siijui.

Utaniambia nyumba moja haibadilishi kitu. Mwenzangu, England peke yake wameuza karibu nyumba milioni 2 tangu 1980. Zilizojengwa kuziba pengo ni chache mno, na kwa miaka mingi kaunsili zenyewe zilibanwa zisitumie sehemu kubwa ya fedha za mauzo kujengea nyingine. Scotland wameifuta haki hii mwaka 2016, Wales 2019. Hapa juu yetu kuna flati iliyouzwa zamani. Sasa ni ya mtu ambaye hatujawahi kumwona, na kijana anayeishi humo anatoa pauni 1,900 kwa mwezi. Sisi chini yake, vyumba vile vile, dirisha lile lile, tunalipa 620. Na Salma wangu, ambaye amezaa mwaka jana, yuko kwenye foleni ya kaunsili hii hii. Jumamosi nilikwenda kumtembelea: chumba kimoja, kitanda cha mtoto kimekaa mlangoni, ukitaka kutoka unakisogeza. Nikarudi nyumbani nikalia.

Simlaumu aliyenunua. Jirani yetu wa ghorofa ya tatu, mama wa Kijamaika, alinunua miaka ya themanini baada ya yeye na mumewe kulipa kodi miaka na miaka, na ile siku ya kupokea hati anaisimulia kama siku ya arusi. Ana haki ya kufurahi. Ila na yeye bado anapigana na bili. Flati si kama nyumba ya chini: unachonunua ni miaka ya kuimiliki, kwa kawaida 125, na jengo linabaki la kaunsili. Wakibadilisha paa unachangia. Mwaka juzi alipelekewa pauni 18,000 za paa na madirisha, na pensheni yake unaijua ilivyo ya wazee.

Najua kwa nini umekasirika. Unamfikiria marehemu mama, na ile flati ya Upanga. Alipaka rangi kwa fedha zake, akaweka nondo madirishani, akabadilisha masinki, na kila mwaka akisema laiti wangetuuzia wapangaji. Mtu anayetunza nyumba miaka arobaini anastahili kulala bila hofu ya kutolewa. Hilo siwezi kubishana nawe. Lakini wewe mwenyewe ulikasirika nyumba za serikali huko Tanzania zilipouzwa kwa watumishi miaka ile ya mwanzoni mwa 2000, ukasema wanaokuja nyuma watakaa wapi. Mimi maneno yako hayo niliyashika.

Hasara yangu naijua. Upangaji unarithiwa mara moja tu, na kwa kuwa mkataba ni wa mimi na Baba Nassor, atakayebaki kati yetu ndiye atakayekuwa ameitumia nafasi hiyo. Watoto hawatapata kitu. Nassor nilimweleza, akanyamaza kidogo, akauliza kama kuna chai.

Tarehe 22 Novemba nilishusha bahasha, nikatoa fomu, nikaandikia nyuma yake orodha ya vitu vya kumpelekea Salma. Basi nijibu, hata kama bado una hasira nami. Na ukipata mtu anayekuja huku, nitumie bizari na ubani, na kanga mbili za mtoto.

Shoga yako,
Mama Nassor